Macho Yasiyozoea Giza

Ng'washi alifika Nyololo mwezi wa sita, mwezi ambao hata sisi wenyeji tunauombea uishe upesi. Ukungu unakalia mabati mpaka saa nne asubuhi, na jua likitoka linatoka kwa kujivuta kama mtu aliyeitwa kwenye kesi. Alishuka kwenye basi akiwa na kanga mbili na ndala za plastiki, anatetemeka. Alikuwa ametoka Usangu, kule chini kwenye joto, alikoolewa na Msukuma mwenzake. Alikuja kwa kaka yake Nashoni, muuza mchele wa pale barabarani, ambaye amepanga chumba uani kwangu. Wazazi wao walishafariki, kwa hiyo kwa kaka ndiko kwao.

Mimi ni Rozalia, ila hapa nikiulizwa kwa jina hilo hata majirani watababaika. Wananijua kwa Mama Anord, fundi cherehani. Wanasema nina mdomo. Ni kweli ninao, na Mungu hakunipa wa kulia ugali peke yake.

Nashoni alinieleza mambo siku ile ile, kwa sauti ya chini. Mume wa dada yake, Bujiku, hakumfukuza. Aliyemrudisha ni baba mkwe, Mzee Makoye, kwa kosa la dharau: alimruka mzee miguu mbele ya wageni, tena bila salamu. Mtoto wao, Prisca, kabinti ka miaka mitatu, kalibaki kule, kwa kuwa mahari ilishatoka, na mahari ikishatoka mtoto ni wa upande wa baba. Ng'washi angepokelewa siku atakapokwenda kukiri dharau yake na kuomba radhi. Nashoni akasema shida ni moja tu, dada yake hataki kukiri.

Nilimtazama yule binti. Alikuwa amepiga magoti kwenye udongo wenye unyevu kunisalimia mimi, mshona viraka. Nimewapima maharusi miaka mingi, na mwenye dharau namjua kabla hajavuka kizingiti. Huyu hakuwa mmoja wao.

Sikuchukua muda kuona kilichokuwepo. Kila akitoka nje kwenye mwanga kuingia kibandani kwangu, alisimama mlangoni ameshika fremu, kichwa amekiinamisha, kama anayesikiliza. Akinisikia nikiongea ndipo anapiga hatua. Jioni, saa ile kuku wanapoanza kuingia bandani, naye alikuwa anaaga kwenda kulala, hata kama ugali haujaiva. Siku moja alichelewa, akapita uani, akaipiga teke sufuria ya maharage yangu ikamwagika yote. Maharage ya saa tatu jikoni! Nilifungua mdomo nimpe vidonge vyake, kisha nikaona namna alivyokuwa anapapasa chini kutafuta ile sufuria, na ilikuwa mbele yake kabisa, mimi naiona vizuri. Nikaufunga mdomo. Watakaosoma haya na kunijua hawataamini.

Kesho yake nilimpa kazi ya kukunja pindo, tukakaa pamoja kwenye mwanga wa mlango, nikamuuliza bila kuzunguka. Alilia kwanza. Halafu akasema yote, na mkono wake haukuacha sindano.

Tangu mtoto alikuwa hivyo. Wenzake walimwita Kuku, kwa sababu jua likizama na yeye amekwisha. Wakati wao wanacheza kwenye mbalamwezi, yeye alikaa ndani nyuma ya mama yake, anasikiliza vicheko. Alijifunza njia kwa nyayo, akajua miti kwa harufu. Alipofika umri wa kuposwa, mama yake alimkataza asimwambie mtu yeyote habari za macho, maana ng'ombe wa mahari wakisikia neno hilo watageukia njiani. Ng'ombe wakaja. Nashoni naye akaoa kwa ng'ombe hao hao, ndiyo maana alikuwa anaongea kwa sauti ya chini.

Bujiku alimjua mchana, mnadani, na akampenda mchana. Baada ya ndoa, kila wakitembea jioni Ng'washi alimshika mkono na hakuuachia mpaka mlangoni. Bujiku alidhani ni mapenzi. Na mapenzi yalikuwepo, aliniambia hivyo akitabasamu kidogo, ila siku nyingine ulikuwa mkono tu.

Siku ya kosa ilikuwa wakati wa mavuno ya mpunga. Jua la Usangu wakati huo ni jeupe, linapiga kwenye mabua na kurudi usoni. Ng'washi alitoka kisimani na ndoo kichwani, akaingia nyumba kubwa. Ile nyumba ina kidirisha kama kiganja. Ndani walikuwa wamekaa wazee, wageni wa Mzee Makoye, wamekimbia jua. Yeye hakuona kitu, kulikuwa na weusi mtupu. Akasubiri asikie sauti. Kwa desturi yao, mkamwana akiingia ndiye anayeanza: anapiga magoti, anasalimia, ndipo wakubwa wanaitikia. Kwa hiyo wale wazee walinyamaza kumsubiri yeye, na yeye alinyamaza kuwasubiri wao. Kimya kile kikamwambia nyumba haina mtu. Akapiga hatua kuelekea mtungi, akavuka kitu, na kitu hicho kilikuwa miguu ya baba mkwe wake, aliyokuwa ameinyoosha. Maji ya ndoo yakamrukia mgeni.

Nikamuuliza kwa nini hakusema pale pale kwamba haoni. Akaniambia mkamwana hajibizani na baba mkwe. Halafu akaongeza kwamba angesema haoni, wangeuliza kwa nini hawakuambiwa kabla ng'ombe hawajatoka.

"Mama Anord," akasema, "nikisema nina dharau, nakuwa mtu mbaya. Nikisema macho, mama yangu anakuwa mwizi, na yeye ameshakufa."

Jiko langu ni la matofali, liko uani, halina dirisha, na moshi umelipaka weusi kila upande. Siku hiyo, saa saba mchana, nilimwingiza humo, nikafunga mlango, tukakaa kwenye vigoda. Nilitaka kujua macho yake yanakomea wapi. Mwanzoni na mimi sikuona kitu, nikatikisa mkono mbele ya uso wangu na sikuuona. Tukakaa. Taratibu mafiga yakajitokeza, kwanza kama uvimbe, kisha yakawa mafiga. Nikaona sufuria, halafu mwiko uliochomekwa ukutani. Muda ukapita zaidi, nikamwona na paka, na kumbe alikuwa ananitazama muda wote. Kila kitu kilichonijia nilimtajia Ng'washi na kumuuliza kama na yeye anakiona. Kila mara alijibu neno moja, "Bado." Mwisho nikamuuliza anaona nini. Akasema anaona ufa wa mlango, mstari wa mwanga, na pembeni yake hakuna dunia.

Nilitoka mle jikoni nimekasirika, na sikujua nimemkasirikia nani.

Nikaanza kumlisha. Kanisani tuliwahi kufundishwa na nesi kwamba kuna watu, hasa wajawazito na watoto, wanaoshindwa kuona jioni kwa kukosa vitamini A, na kwamba hao wakipata dawa na chakula macho yanarudi. Basi nikamlisha maini, karoti, majani ya maboga, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, mpaka akawa anakimbia akiniona na sahani. Na kila jioni alisimama uani akitazama upande wa miti ya mipaina, mimi nikijifanya naanua nguo. Nilikuwa naomba aniambie ameiona. Hakuniambia. Badala yake aliniambia kwamba saa hizi Prisca anapelekwa kukoga, na kwamba huwa anakataa kuoshwa masikio.

Mwezi wa nane tulikwenda Mbeya, hospitali kubwa, kwa daktari wa macho. Njia yenyewe ilimtesa. Basi likishapita Makambako linateremka mpaka Igawa, na pale ndipo inapochepuka njia ya kwenda kwa mume wake. Alikuwa amekaa dirishani upande wa kulia. Tulipofika Igawa alibandika paji la uso kwenye kioo, akatazama lile bonde la manjano lililolala wazi, bila mwisho, na basi halikusimama. Aliendelea kugeuza shingo nyuma mpaka Chimala. Nilimpa chungwa, akalishika tu.

Daktari alikuwa binti mdogo, anaitwa Goodness, mwenye sauti ya taratibu. Alimwekea matone, akasubiri, akamulika ndani ya macho kwa muda mrefu. Kisha akavuta kiti akakaa mbele yake, si mbele yangu, na hilo lilinipendeza.

Alisema ndani ya jicho kuna wafanyakazi wa zamu mbili. Wa zamu ya mchana wanaona rangi na herufi, lakini wanataka mwanga mwingi. Wa zamu ya giza hawajui rangi, ila mwanga kidogo unawatosha. Jua kali linawafutia hao wa giza wino wao wa kazi. Mtu mwenye macho mazima akitoka juani kuingia gizani, wanaanza kuutengeneza upya polepole, ndiyo maana vitu vinamjia kimoja kimoja, na jicho linaweza kuchukua hata nusu saa kufika mwisho wa uwezo wake. Nikakumbuka yule paka. Wino huo unatengenezwa kwa vitamini A, na mwenye kuikosa anatibika. Mimi nikaanza kutaja maini na karoti, naye akanisikiliza kwa adabu hadi mwisho.

Halafu akasema kwa Ng'washi si wino uliokosekana. Ni wafanyakazi wenyewe wa zamu ya giza wanaokufa, mmoja baada ya mwingine, tangu utotoni. Ni ugonjwa wa kurithi, na haukuletwa na mtu wala uchawi. Ukuta wa nyuma wa jicho umeshakuwa na madoa meusi kama unga wa mkaa. Dawa ya kuwarudisha hao waliokufa hatuna. Kuona kwake pembeni kutaendelea kupungua, na baada ya miaka hata mchana unaweza kuguswa. Miaka mingapi, hakujua, na hakutaka kumdanganya. Wengine wanaona mchana mpaka uzeeni, wengine hapana.

Ng'washi aliuliza kama mtoto wake atakuwa nao. Daktari akajibu huenda asiwe nao kabisa, ila aletwe atazamwe. Ng'washi akasema, "Daktari, kumbe haya macho yana mwisho, na mimi nayatumia kuangalia ukungu wa Nyololo."

Daktari Goodness aliinama akaandika kitu, na nadhani hakikuwa cha lazima.

Tuliporudi, Nashoni alikuwa ameshapanga mambo yake. Amepata mbuzi, na mzee mmoja wa ukoo wa kuwasindikiza. Ng'washi atapiga magoti, atakiri dharau, mbuzi atapokelewa, mambo yataisha. Habari za daktari zibaki kwetu. Nilimwambia Nashoni kwamba anamficha dada yake nyuma ya mbuzi ili wasiulizwe ng'ombe, na nikamwambia na mengine ambayo kwaya haiyaimbi. Nashoni hakukasirika. Aliniuliza ng'ombe wakidaiwa atawatoa wapi. Masikini, alikuwa anampenda dada yake na alikuwa anaogopa, vyote pamoja.

Ng'washi alitusikia wote. Akasema kwa upole kwamba akikiri dharau atarudi kwa mwanawe, ndiyo, na anatamani hivyo kuliko kitu kingine. Lakini nyumba ile itakuwa na giza lile lile. Kesho atamruka tena mzee, na mara ya pili hakuna mbuzi atakayetosha. Akaomba simu ya kaka yake.

Nashoni aliitazama ile simu mkononi mwake muda mrefu, kisha akampa.

Alimpigia Bujiku akiwa amekaa kwenye kizingiti changu, jua limemwangukia usoni. Walizungumza Kisukuma, sikuelewa, lakini nilijua alipofika kwenye mama yake kwa vile sauti ilivyokatika. Alipomaliza, kama alivyonieleza baadaye, Bujiku alimuuliza jambo moja tu, kama zile jioni alizomshika mkono alikuwa haoni. Akamjibu ndiyo. Simu ikakatwa.

Kisha hakuna neno lililokuja. Ng'washi aliacha kula. Mchana alikaa barabarani kwenye magunia ya kaka yake, anatazama mabasi yanayotoka upande wa Mbeya, akisema anamsaidia kuuza, na hakuna mteja aliyehudumiwa. Kwa kuwa pembeni haoni vizuri, ilimbidi ageuze kichwa kizima kutafuta kila dirisha. Nilitaka kumwambia aache, nikaona hapana, mwache mtu atazame. Usiku nilimsikia kupitia ukutani akiimba taratibu wimbo wa kubembelezea mtoto, na mtoto hayupo.

Siku Bujiku alipopiga simu, alisema maneno machache: baba anasema uje, na aje mtu mmoja wa upande wako. Mbuzi hakutajwa. Ng'ombe hawakutajwa. Nashoni akasema hathubutu kwenda. Basi nikafunga cherehani, nikavaa viatu vya kanisani, nikaenda mimi.

Tuliondoka asubuhi tuwahi kufika jua likiwa juu, maana alitaka amwone mtoto kabla ya jambo lolote. Kabla ya Makambako lori la shaba lilikuwa limelala katikati ya barabara, na tulikaa pale hadi foleni ya magari ikapita nyuma ya kilima. Ng'washi alikuwa anatazama jua, si barabara. Tulipoteremka Igawa lilikuwa limeshainama. Tukapanda pikipiki, tukapita Rujewa, tukaingia bondeni kwenye vumbi, naye mgongoni kwa dereva alikuwa anamwomba aongeze mwendo.

Tulipofika, jua lilikuwa limezama lakini mwanga haujaondoka. Kwangu mimi kila kitu kilionekana: mbingu nyekundu, ng'ombe wanaingia zizini, nyumba kubwa yenye kile kidirisha, watu wamekaa uani. Nilimwona mume mtu amesimama kando, kijana mrefu anayekunja kofia mikononi. Nilimwona mzee mwembamba kwenye kigoda, mkongojo magotini. Kwa Ng'washi ilikuwa usiku. Alisimama pale aliposhushwa, uso ameuinua, na uani kote hakuna aliyenena, maana mdogo ndiye anayeanza.

Nikataka kumshika bega nimgeuze. Hakunisubiri. Alipiga magoti, akainama, akatoa salamu ya jioni kwa sauti safi, amelielekea zizi la ndama.

Mtoto mmoja akacheka, akanyamazishwa. Nilimtazama Mzee Makoye. Akasimama kwa kuegemea mkongojo, akaokota kigoda chake mwenyewe, na vijana wote wapo. Akatembea akazunguka uani, akakiweka kigoda mbele ya uso wa Ng'washi, kwenye mavi ya ndama, akakaa.

"Niko hapa, mayu," akasema, akimwita mama kama wanavyowaita wanawake wanaowaheshimu. Akamwitikia salamu yake yote, akawataja na watu wa kwao Ng'washi, na marehemu mama yake.

Kisha akaongea Kiswahili, nadhani ili nami niyasikie. "Siku ile sisi wenye macho tulinyamaza, tukamhukumu asiyeona. Kuanzia leo hapa nyumbani aliyekaa ndiye atakayeanza kusema. Hata mimi. Na habari ya ng'ombe sitaki kuisikia, mimi nilimtafutia mwanangu mke."

Ng'washi alikuwa analia bila sauti, ameinamisha kichwa kama inavyotakiwa. Bujiku akasogea, akasema jina lake mwenyewe kwanza, Bujiku, ndipo akamshika mkono.

Wakamleta Prisca. Alikuwa ametoka kukogeshwa, anang'aa mafuta, na alisita, kwa kuwa miezi ni mingi kwa mtoto. Akanitazama mimi, akamtazama yule mwanamke aliyepiga magoti, akaamua polepole, akaenda. Ng'washi alimpapasa kichwa, masikio, mabega, akashuka mpaka kwenye nyayo, akarudi tena juu, na macho yake wazi kabisa yalikuwa yanatazama mahali pengine.

"Mama Anord," akaniuliza, "amekuwa mrefu?"

Nikamwambia amekuwa mrefu, na kwamba uso ni wa kwake mwenyewe, Ng'washi, mpaka nyusi. Akaniomba nirudie kumweleza hizo nyusi, nami nikamweleza mpaka giza likaingia na mimi nikawa sizioni tena.